Toga Mpya, Faili za Zamani

Kesi za madai nchini Kongo bado zinaendeshwa kwa dekreti ya tarehe 7 Machi 1960, iliyotoka miezi michache kabla ya uhuru. Ndani yake mna kanuni ndogo ambayo kijana wa Luhwindja, huko Kivu Kusini, huielewa haraka kuliko mwenzake aliyekulia karibu na jengo la mahakama: anayeitwa kortini apewe siku 8 kamili za kujiandaa, na kwa kila kilomita 100 za safari aongezewe siku 1. Mgodi wa Twangiza, uliolitangaza jina la Luhwindja hadi Toronto, uko kiasi cha kilomita 40 kusini-magharibi mwa Bukavu ukipima kwa mstari mnyoofu. Barabara haiendi kwa mstari mnyoofu. Kwa hesabu ya dekreti mtu wa Luhwindja yuko jirani na mahakama, wala siku ya ziada hapewi. Kwa hesabu ya matope ya mwezi wa nne, anaweza kuondoka alfajiri akafika kesi imeshaitwa.

Wakili anayeanza kazi akijua kwamba siku 8 hizo hazijumuishi siku ya kupokea wito wala siku ya kesi yenyewe, na akajua kuuliza wito ulimfikia mteja tarehe ipi hasa, ameshapata hoja yake ya kwanza. Si hoja ya kupigiwa makofi. Lakini mzee wa kijijini aliyekuwa ahukumiwe bila kusikilizwa atapata nafasi ya kusema, na miaka ya mwanzo ya sheria hujengwa na ushindi wa namna hiyo kuliko hotuba.

Kila mwaka Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu na Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu hutoa vijana wenye diploma ya sheria. Wengi wana wazazi waliouza ng'ombe au shamba ili kulipa ada, na nyumbani wameshaanza kuitwa Maître kabla hawajavaa toga. Hapo ndipo shida inapoanzia, kwa sababu familia inadhani gharama zimekwisha na mapato yanaanza, kumbe mbele kuna angalau miaka miwili ambayo kijana atafanya kazi sana na kulipwa kidogo, pengine asilipwe kabisa. Jambo hili lisemwe mapema, mezani, kabla ya sherehe ya diploma. Kijana anayelificha hujikuta anakopa ili aonekane amefaulu.

Njia ya uwakili inapita kwenye amri-sheria namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979. Mwenye diploma huomba kuandikwa kwenye orodha ya staji, yaani mafunzo ya kazi, ya baraza la mawakili, kwa hapa lile la Kivu Kusini, hula kiapo mbele ya Mahakama ya Rufaa, kisha hufanya staji ya miaka 2 chini ya wakili mzoefu ndipo aombe kuingizwa kwenye tablo, orodha ya mawakili kamili. Maandishi ya sheria yanaishia karibu hapo. Hayasemi kijana amchague nani.

Wengi hukimbilia jina kubwa. Kabine ya wakili mashuhuri ina wateja wenye fedha na meza nzuri, ila kijana anaweza kumaliza miaka yake miwili akibeba toga ya bwana mkubwa, akiomba kesi ziahirishwe na kuwapigia wateja simu. Maswali ya maana kabla ya kukubali nafasi ni machache na ya kawaida kabisa: nani atasoma hati nitakazoandika na kunionyesha kasoro? Nitashika faili yangu mwenyewe baada ya muda gani? Msimamizi huenda mahakamani mwenyewe, au hutuma watu? Wakili wa kawaida asiyejulikana sana, anayerudisha rasimu ikiwa imejaa wino mwekundu, ni hazina kubwa kuliko mwenye gari linalomtambulisha mjini kote. Na kama nauli haitolewi, iulizwe siku ya kwanza. Kutembea kwa miguu kutoka Bagira hadi katikati ya mji kila asubuhi ukiwa na suti ni jambo linalowezekana kwa wiki mbili, si kwa miaka miwili.

Staji ina sehemu moja ambayo vijana huidharau, nayo ni ofisi ya ushauri wa bure ya baraza la mawakili, inayowapokea wasio na uwezo. Anayepangiwa zamu huko huona kama amepewa adhabu. Lakini ni huko atakapokutana na kesi halisi za mkoa: mjane aliyefukuzwa shambani na mashemeji, binti aliyetelekezwa akiwa na mimba, mchimbaji aliyekamatwa kwa deni. Mteja maskini humpa wakili kitu ambacho tajiri hampi mwanafunzi, yaani kesi nzima, kuanzia malalamiko hadi hukumu.

Mahali pengine pa kujifunzia ni kasho, yaani mahabusu ya polisi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 18, inasema mtu asishikiliwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya mamlaka ya mahakama. Ibara ya 19 inampa haki ya kuwa na mtetezi katika kila hatua ya kesi ya jinai, uchunguzi wa polisi ukiwemo. Afisa wa kituo mara nyingi humwambia wakili kijana asubiri nje mpaka maelezo yamalizike kuandikwa. Kijana mwenye nakala ya ibara ya 19 mfukoni, anayeitoa kwa adabu bila kupandisha sauti, huruhusiwa mara nyingi kuliko anayetaja vyeo vya wajomba zake. Baada ya hapo ni hesabu ya tarehe. Hati ya muda ya kukamatwa inayotolewa na parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, ina siku zake 5, amri ya jaji ya kumweka mtu rumande ina siku 15, na nyongeza huenda mwezi kwa mwezi. Rumande ya kinyume cha sheria huanzia kwenye tarehe ambayo hakuna aliyeihesabu, kwa hiyo daftari la kesi za jinai liwe na safu ya tarehe hizo, ipitiwe kila asubuhi.

Tukiacha kasho, tuingie gresi. Ndiyo ofisi ya makarani wa mahakama, na ndiyo moyo wa jengo, ingawa vitabu vya chuo huipa kurasa chache. Kila kesi ya jinai ina namba yake ya RP, ya madai ina RC, na faili iliyofunguliwa na parke ina RMP. Wakili asiyejua namba ya faili yake hana faili. Karani ndiye anayeandika kesi kwenye kitabu, anayepokea ada, anayekaa pembeni mwa majaji akiandika kila kinachosemwa, anayetoa nakala za hukumu na anayepokea tamko la rufaa. Hilo la mwisho lina uzito wake. Rufaa ya hukumu ya madai ina siku 30, ya jinai ina siku 10, na aliyehukumiwa bila kuwepo anaweza kupinga hukumu hiyo ndani ya siku 15 kwa madai au 10 kwa jinai. Mawakili wapya hupoteza rufaa kwa kuja siku ya 11 wakiwa na hoja nzito, wakakuta mlango umefungwa.

Inafaa kijana atumie asubuhi kadhaa za mwezi wake wa kwanza gresini, akitazama tu. Ajue vitabu vinakaa wapi, nani anashughulikia nini, hati ikikosewa inarudishwaje. Na awaheshimu makarani. Kuna mawakili wanaoingia wakiamrisha, kisha wanashangaa faili yao ikiwa ya mwisho kupatikana. Hata hivyo heshima isigeuke bahasha. Ada ya mahakama ina risiti, na malipo yasiyo na risiti yana jina jingine. Anayeanza kwa kutoa “ya soda” ili faili isogee atalazimika kutoa kila mara, na karani atamsimulia mwenzake kwamba yule Maître mpya ni mwepesi. Dawa yake ni ya polepole: kulipa rasmi, kudai risiti kwa tabasamu, kurudi kesho. Wiki za mwanzo zitakuwa ngumu, kisha watu watamzoea alivyo.

Je, kijana mwenyewe awe karani? Wazazi hulisikia neno hilo kama kushuka daraja. Wanakosea. Karani wa mahakama ni mtumishi wa serikali wa kudumu, chini ya sheria namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, na mwenye diploma ya sheria anayeanzia hapo huona kesi nyingi zaidi kwa mwaka kuliko wakili wa staji. Kule Marekani mambo yamepangwa tofauti: mwanasheria kijana hukaa mwaka mmoja au miwili pembeni ya jaji akimtafitia sheria na kumsaidia kuandaa hukumu, kisha huondoka. Elena Kagan, ambaye leo ni jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, alimtumikia hivyo Jaji Thurgood Marshall, yule yule aliyesaidia kuandaa rasimu ya haki za binadamu ya Kenya kwenye mazungumzo ya Lancaster House mwaka 1960. Kongo haina ngazi ya namna hiyo. Karani wa Bukavu haandiki hukumu, anaandika kumbukumbu; lakini anasikia kila neno. Jaji anahukumu kwa Kifaransa, bibi kutoka Luhwindja anaeleza kwa Kimashi, shahidi wa Kamituga anajibu kwa Kiswahili, na anayepaswa kuyaweka yote kwenye karatasi bila kuyapunguza ni karani. Kijana anayezimudu lugha hizo tatu ana mtaji ambao hakuulipia ada.

Kwa wanaotamani uhakimu, mlango ni mtihani wa ushindani. Sheria namba 06/020 ya tarehe 10 Oktoba 2006 inataka mgombea awe raia, awe na digrii ya sheria, na umri wake uwe kati ya miaka 21 na 40. Uteuzi hufanywa na Rais kwa pendekezo la Baraza Kuu la Mahakimu. Tatizo ni kwamba mtihani hauji kila mwaka. Baada ya ule wa 2022 liliteuliwa kundi la kwanza la mahakimu 2,500 mwaka 2023, na waliofaulu ni wale waliokuwa wameshajiandaa tangazo lilipotoka. Kusubiri mtihani bila kazi ni kosa, maana staji ya uwakili au kiti cha gresi ndiyo maandalizi bora kuliko kukariri vitini nyumbani. Tena mgombea ajue analoliomba: anayeingia huanza kama jaji wa mahakama ya amani au naibu wa mwendesha mashtaka, na anaweza kupelekwa Ubangi au Kasai, mbali na mama, mbali na Ziwa Kivu. Asiyeweza kuondoka nyumbani aseme hivyo sasa.

Kuna pia watetezi wa mahakama, wanaoshikamana na mahakama za wilaya na zile za amani, na hawadaiwi masomo marefu kama wakili. Ni njia ya heshima kwa aliyekwama njiani chuoni.

Lakini swali ambalo kijana wa Luhwindja hulikwepa ni hili: atabobea katika nini? Mwenzake wa Kinshasa huota sheria ya benki na mikataba ya kampuni, na kweli tangu Kongo iingie OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tarehe 12 Septemba 2012, sheria ya biashara ni ileile hadi Abidjan na inafaa kusomwa. Ila kijana huyu ametoka mahali ambapo sheria mbili ngumu kuliko zote nchini zinagongana kwenye mlima mmoja, nazo ni za ardhi na madini. Kuziacha ili kugombania wateja wa hoteli za Bukavu ni kupoteza urithi.

Ardhi kwanza. Bushi, eneo la wazungumzaji wa Kimashi, ina desturi ya kalinzi: mtu humpa mwami au chifu ng'ombe, siku hizi mara nyingi thamani yake, akapewa shamba ambalo watoto wake watalirithi. Kisha ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyofanya ardhi yote kuwa mali ya dola. Ibara yake ya 389 iliahidi kwamba haki za wakulima kwenye ardhi ya desturi zitapangwa kwa amri ya Rais. Amri hiyo haikutoka. Matokeo yake, familia inayolima shamba tangu enzi za babu inasimama mahakamani mbele ya mtu mwenye cheti cha usajili kilichotolewa mjini. Wakili mzuri hapo hatafuti maneno makali. Anaangalia tarehe ya cheti, kwa kuwa ibara ya 227 inakifanya kigumu mno kupingwa miaka 2 ikishapita. Anatafuta mashahidi wa kalinzi wakiwa bado hai. Anakumbusha kwamba ibara ya 153 ya Katiba inairuhusu mahakama kutumia desturi isiyokwenda kinyume na utaratibu wa umma wala maadili mema. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu asiyejua jinsi kalinzi inavyotolewa, mbele ya nani, na nani anakumbuka.

Kisha dhahabu. Banro, kampuni ya Kanada, ilianza uzalishaji wa kibiashara Twangiza mwaka 2012, na familia kadhaa zikahamishiwa Cinjira. Wachimbaji wadogo waliokuwa wakila kwenye mlima huo wakajikuta wavamizi wa kibali cha mtu. Kijana anayetaka kuelewa nani alidai nini asianze na sheria ya madini ya 2002, aanze na mkataba wa 1997, kwa sababu kampuni ilifanya kazi chini ya mkataba huo, wenye masharti yake ya kodi. Halafu asome marekebisho ya tarehe 9 Machi 2018. Humo ushuru wa dhahabu ulipanda hadi asilimia 3.5, na asilimia 15 ya ushuru huo inatakiwa iende kwa mamlaka ya eneo lenye mgodi, yaani sheferi, eneo la utawala wa chifu, kama Luhwindja. Zaidi ya hapo kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo kwa ajili ya maendeleo ya jamii, na kusaini makubaliano ya wajibu wake na wakazi. Nani husoma hesabu hizo kwa niaba ya sheferi? Nani huketi na wenyeji wakati makubaliano yanaandikwa kwa Kifaransa? Hapo pana kazi ya maisha mazima, na wanaoifanya ni wachache.

Mahakama tembezi nazo zimewalea vijana wengi wa Kivu Kusini. Februari 2011 mahakama ya kijeshi iliketi Baraka, wilayani Fizi, ikamhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware miaka 20 kwa ubakaji kama uhalifu dhidi ya ubinadamu. Desemba 2017 Mahakama ya Kijeshi ya Kivu Kusini ilihamia Kavumu, ikamhukumu kifungo cha maisha mbunge wa mkoa Frédéric Batumike pamoja na wenzake 10, kwa mashambulizi dhidi ya watoto wa kike. Nyuma ya hukumu kama hizo kuna miezi ya kazi isiyoonekana: kuwapata walioathirika na kupata ridhaa ya wazazi, kuficha majina, kupanga vyeti vya daktari, kuhakikisha mtoto hahojiwi mara tano na watu watano. Wakili wa staji anayeomba kuisaidia timu ya namna hiyo hatakaa mbele siku ya hukumu. Atajifunza jinsi ushahidi unavyokusanywa, na pia jinsi unavyoharibiwa na mtu mwenye huruma lakini asiye na utaratibu. Ajue vilevile kwamba sheria za 2006 kuhusu ukatili wa kijinsia zinataka hukumu ndani ya miezi 3 na haziruhusu kesi kuzimwa kwa faini ya kumalizana na upelelezi. Wazee watakapomletea pendekezo la mbuzi wawili ili kesi iishe, ajibu kwa heshima ya kijijini na msimamo wa mjini.

Fedha zina mitego yake. Uwakili hauchangamani na biashara, na Luhwindja kishawishi ni dhahabu yenyewe: mteja hana pesa taslimu, anatoa gramu chache, kesho wakili ameshakuwa mnunuzi. Kupokea sehemu ya shamba linalobishaniwa kama malipo ni kubaya zaidi. Makubaliano ya kugawana kile mteja atakachoshinda yamekatazwa. Kufundisha kunaruhusiwa, na vijana wengi huishi kwa vipindi vya chuo mpaka wateja wazoee jina lao. Ada iandikwe hata kama ni ndogo, sahihi mbili, nakala mbili.

Haya yote yalitegemea jengo lenye majaji ndani yake. Februari 2025 Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, mahakama za serikali zilisimama na gereza kuu likabaki wazi. Waliokuwa katikati ya staji walibaki na faili zisizo na mahali pa kuitwa. Waliotoka na kitu ni wale waliokuwa na tabia ya kupiga picha kila ukurasa wa kila faili na kuweka nakala mahali pengine, pamoja na risiti na tarehe za kupokelewa kwa hati. Tabia hiyo ianze siku ya kwanza ya staji, kwa uangalifu, maana simu yenye majina ya mashahidi ikikamatwa ni hatari kwa wengine kabla ya mwenyewe. Kuhusu hati zinazotolewa na wanaotawala bila dola, wakili kijana asiamue peke yake. Amuulize batonie, mkuu wa baraza la mawakili, na aweke jibu kwa maandishi.

Kuna mlango mmoja zaidi, uliofunguka Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mahakama ya jumuiya hiyo, yenye makao Arusha, inapokea madai ya mkazi wa kawaida dhidi ya nchi mwanachama, na wakili anayeruhusiwa kutetea katika mahakama za juu za nchi yake anaweza kusimama mbele yake. Kongo yenyewe imeshaishtaki Rwanda huko. Masharti mawili huwaangusha wanaotoka upande wa Kifaransa: dai lifikishwe ndani ya miezi 2 tangu tendo linalolalamikiwa, au tangu mlalamikaji alipolijua, na lugha ya mahakama hiyo ni Kiingereza. Wakili wa staji wa Bukavu mwenye jioni mbili tupu kwa wiki anaweza kuanza na sharti la pili, huku la kwanza akiliandika kwenye daftari lile lile la tarehe za kasho.